Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: tangazo la uchaguzi lilibaki nyuma ya mlango uliofungwa

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mkulima wa korosho huku uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, mkazi wa kitongoji ulichofika Februari 2025 ukaketi nasi chini ya mwembe wa shule. Nimekuandikia mara mbili kabla ya leo. Barua zote nilizileta mwenyewe kwa bodaboda, moja nikagongewa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Hazikujibiwa. Hii ya tatu naiweka wazi ili na wenzangu waisome.

Jumapili iliyopita kitongoji chetu kilichagua mwenyekiti mpya baada ya yule wa zamani kufariki. Mimi nilizipata habari Jumatatu asubuhi kwenye foleni ya maji, jirani yangu aliponiuliza kama nimeshakwenda kumpongeza. Nikamuuliza, kumpongeza nani? Ndoo yangu ilikuwa ya sita kwenye mstari. Niliiacha hapohapo nikaenda ofisi ya kijiji.

Ofisi ilikuwa imefungwa, kama inavyofungwa siku nyingi, maana mtendaji wetu anahudumia vijiji viwili. Nikachungulia dirishani kupitia nondo. Kwenye ubao wa ndani, kati ya kalenda ya mwaka juzi na bango la chanjo, palikuwa na karatasi moja imebanwa kwa pini mbili, kona ya chini imejikunja. Nilikaza macho nikasoma TANGAZO LA UCHAGUZI MDOGO, nikasoma jina la kitongoji chetu, nikaona muhuri na sahihi. Tarehe sikuweza kuzisoma, maandishi yalikuwa madogo na kioo kimejaa vumbi. Mtoto wa shule aliyekuwa anapita ndiye aliyenisomea: siku za kuchukua fomu, siku za kampeni, siku ya kupiga kura. Vyote viliandikwa, Ndugu Mkurugenzi. Naamini ukiulizwa utasema tangazo lilitolewa. Lakini aliyepewa tangazo ni ubao, si sisi.

Waliopiga kura ni wa nyumba zinazoizunguka ofisi na wale waliopigiwa simu na wagombea. Sisi tunaoishi upande wa mashambani hakuna aliyetufikia. Simlaumu mwenyekiti mpya. Ni kijana wa watu, na pengine kura yangu ningempa yeye. Lakini mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayeniandikia barua mtoto akitaka kitambulisho cha taifa, ndiye anayeitwa mpaka wa shamba ukigombaniwa, na mimi nina mpaka unaogombaniwa mpaka leo, mikorosho kumi na miwili iliyopandwa na baba yangu. Mtu mwenye uzito huo maishani mwangu amechaguliwa mimi nikiwa napalilia, umbali wa nusu saa kwa miguu, bila kujua.

Ingekuwa mara ya kwanza ningenyamaza. Tarehe 27 Novemba 2024, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, nilimsindikiza mama yangu kituoni. Mama amekaa kijijini hapa tangu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kukosa kupiga kura. Kadi yake ya mpiga kura huiweka ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya pindo la khanga, na pindo hulifunga fundo mbili. Alipofika mbele ya karani alianza kulifungua fundo, vidole vyake vimepasuka kwa mafuta ya korosho, akachukua muda mrefu na watu nyuma yetu wakavumilia. Karani, binti mwenye adabu, aliipokea kadi kwa mikono miwili. Akapekua orodha ukurasa kwa ukurasa, akarudia tena. Kisha akasema, "Bibi, hii kadi ni ya uchaguzi mkuu. Huku jina lako halipo."

Mama aliniangalia mimi, hakumwangalia karani. Akaniuliza, "Kwani mimi si mtu wa hapa?"

Nakuomba usome tena swali hilo, kwa sababu kosa la mama halikuwa lake. Nchi yetu ina madaftari mawili na hakuna aliyekuja kutueleza. Kuna Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la Tume ya Uchaguzi, ambalo ndilo lenye kadi, na kwa hilo tunamchagua Rais, mbunge na diwani. Halafu kuna orodha ya wapiga kura ya uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa, ambao unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Orodha hiyo haina kadi. Huandikwa upya kitongojini uchaguzi unapokaribia, na mwaka ule uandikishaji ulikuwa siku kumi tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024. Mtu ambaye hakupita mbele ya karani siku hizo kumi, hata awe na kadi ya Tume mpya kabisa, hakuwa na kura ya mwenyekiti. Mambo haya nimekuja kuyajua baadaye, kwa kuuliza huku na huko. Ningeyajua Oktoba, mama ningempakia kwenye baiskeli nikampeleka.

Na madhara hayakuishia pale. Uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 ulipofika, nilimweleza kwamba safari hii kadi ndiyo inayotakiwa. Hakuniamini. Alisema amechoka kurudishwa mbele za watu. Alibaki nyumbani akibangua korosho zake, na kadi ikabaki kwenye pindo.

Sasa nakukumbusha maneno yako. Ninalo daftari ninaloandikia mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, na kilo ninazopeleka ghalani. Siku ile chini ya mwembe niliuliza swali la mama mbele yako, na majibu yako niliyaandika ukurasa wa nyuma: gari la matangazo litapita kila kitongoji; orodha itabandikwa sehemu tatu zinazofikika; mtendaji ataisoma kwa sauti kabla ya siku ya mwisho. Ulisema jambo lile halitajirudia. Watu walikupigia makofi, na mimi nikapiga mpaka viganja vikawaka moto. Mwaka umepita na zaidi. Gari hatukuliona. Orodha sijui ilibandikwa wapi. Hakuna jina lililosomwa.

Sijui kwa hakika tatizo liko wapi. Nimesikia fungu la mafuta ya gari halikutoka. Wengine wanasema uchaguzi wa kitongoji kimoja unaonekana mdogo mno kusumbulia watu. Wapo pia wanaosema inafanywa kusudi ili wapige kura wachache wanaojulikana, na neno hilo linasemwa kisimani na barazani kila siku. Mimi nahisi ni mazoea tu: karatasi ikishatoka kwenye printa ya ofisi, kazi inahesabiwa imeisha. Lakini nisipopata jibu kwako, nitamjibu nini anayesema ni kusudi?

Usiniambie kwamba watu wa huku ni wagumu kufikika. Oktoba hiyohiyo ya 2024, minada ya korosho ya msimu ilipofunguliwa, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Nilikuwa shambani naokota, jua la saa nane. Kabla sijajaza ndoo ya pili, kijana wa bodaboda alipita njiani akiitaja bei kwa sauti, mpaka shilingi ya mwisho. Jioni nilipofika ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, nikaikuta imeandikwa kwa chaki mlangoni, na chini yake makato, moja baada ya jingine. Hata mama, ambaye hasomi vizuri, aliijua kabla ya kula chakula cha usiku. Na siku zilezile, meza ya karani wa kuandikisha wapiga kura ilikuwa imewekwa si mbali na ghala hilo, na sisi tunapita na magunia yetu vichwani hatujui ni meza ya nini. Tulidhani ni watu wa sensa ya mifugo.

Bei inatufikia kwa sababu yupo anayetaka itufikie. Ninachokuomba ni kwamba na wewe utake.

Msituelekeze mitandaoni pia. Wengi huku wana simu za kitochi. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura yenyewe, hata wenye simu kubwa walikaa bila intaneti, nchi nzima. Ungetaka kujua kituo chako siku ile ungebaki kuuliza majirani.

Kuna jingine linalonitia hofu zaidi ya uchaguzi wa kitongoji. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilipitisha Katiba Inayopendekezwa, na kura ya maoni ikapangwa iwe 30 Aprili 2015. Vitabu vilivyofika kijijini kwetu vilikuwa vichache. Hicho tulichokipata tulisomeana nyumba kwa nyumba mpaka jalada likang'oka. Marehemu baba aliweka alama za kalamu kwenye kurasa zinazohusu ardhi, akawa anawaita wenzake jioni wanabishana. Hakuwa ameamua bado, alikuwa anataka kuelewa. Tarehe 2 Aprili, Mwenyekiti wa Tume wa wakati huo, Jaji Damian Lubuva, alitangaza kwamba kura imeahirishwa, kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zinazochukua alama za vidole na picha, ulioanzia Makambako mkoani Njombe, ulikuwa haujakamilika. Tangazo hilo halikufika kwetu. Redio ya baba ilikuwa imekufa betri. Tarehe 30 Aprili alivaa kanzu, akachukua kitabu chake, akaenda shuleni. Akakuta watoto wako darasani wanasoma. Alirudi akakaa kwenye mkeka, hakusema na mtu mpaka magharibi.

Hiyo kura ya maoni haijafanyika mpaka leo, na habari za Katiba mpya zimeanza kuzungumzwa tena. Siku ikifika, hatutaulizwa tunamtaka nani, tutaulizwa Ndiyo au Hapana juu ya kitabu kizima. Sheria ya Kura ya Maoni iliyotungwa 2013 ilitaka Ndiyo ipite nusu kwa wapiga kura wa Bara na ipite nusu kwa wa Zanzibar, kila upande peke yake. Hilo nalo wangapi hapa kwetu wanalijua? Mtu anahitaji miezi ya kusoma, kuuliza, kubishana, kulala nalo na kuamka nalo. Kama tarehe ya uchaguzi wa kitongoji imeshindwa kutoka kwenye ubao wa ofisi mpaka kwenye shamba langu, kitabu cha Katiba kitatufikiaje? Na tutaweka alama kwenye nini, kama si kwenye jambo tuliloambiwa na mgombea aliyetuletea kofia?

Nilipanga kukuandikia madai mengi. Nilitaka gari la matangazo lirudi. Nilitaka ofisi ya kijiji ifunguliwe kila siku ya kazi. Nilitaka tangazo liandikwe kwa herufi kubwa, na lisomwe misikitini baada ya swala ya Ijumaa na kanisani Jumapili, kwani masheikh na makatekista hawajawahi kukataa wakiombwa. Nilitaka karani wa uandikishaji atufuate mashambani kama tarehe zitaangukia tena msimu wa korosho, wakati nusu ya kijiji inalala kwenye vibanda vya shamba. Yote bado nayataka. Lakini nimeona ukipewa mengi unaweza kuyaweka yote kando, kwa hiyo nakuomba moja.

Tumia ghala la AMCOS. Tangazo lolote la uchaguzi au kura ya maoni libandikwe kwenye mlango wa ghala, kwa nje, mahali bei inapoandikwa. Na orodha ya wapiga kura isomwe pale kwa sauti, jina kwa jina, siku ya kupima korosho, kabla siku ya mwisho ya marekebisho haijapita, ili ambaye hajasikia jina lake aseme palepale kwamba halipo. Haihitaji gari wala fungu la mafuta. Inahitaji mtendaji mmoja, karatasi, na asubuhi moja. Akikosekana mtu wa kusoma, nitasoma mimi. Nilimaliza darasa la saba na sauti ninayo.

Libandikwe kwa nje, Ndugu Mkurugenzi. Nalirudia hilo kwa sababu la ndani tumeshaliona.

Jana jioni mama aliniuliza kama kuna uchaguzi mwingine karibuni. Ni mara ya kwanza anauliza tangu siku ile aliporudishwa. Nilishindwa kumjibu, nikamwambia nitauliza ofisini. Basi ndiyo nauliza. Naomba jibu kwa maandishi, lenye tarehe, nimsomee.

Wako,
Mkulima na mpiga kura,
Uwanda wa Makonde, Mtwara