Barua ya wazi kwa Meya wetu: fataki za Julai zipewe tarehe na saa

Mheshimiwa Meya,

Salamu kutoka upande wa mashariki wa mji wako, kwenye zile nyumba za kupanga zilizojaa watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Nakuandikia kwa Kiswahili ili majirani zangu nao waisome barua hii. Wakalimani unao, tunawasikia kwenye simu kila tukiuliza habari ya bili ya maji.

Ombi langu ni moja: fataki za Julai zipewe tarehe na saa, na nje ya hapo watu waachwe walale.

Sikukuu yenyewe, ya uhuru wa Marekani, tunaipenda. Jioni ya tarehe 4 mtaa wetu unageuka uwanja wa harusi: viti vinatolewa nje, mkaa unawashwa, huyu anachoma soseji, yule mbuzi, na sahani za sambusa zinavuka barabara kisha zinarudi na keki. Taabu ya watoto ni kungoja giza. Kwetu Uvira saa moja usiku giza limeshatanda mwaka mzima. Hapa Ohio mwezi wa Julai jua halizami mpaka kama saa tatu usiku, na wadogo wengine wanakuwa wameshalala begani kwa mama zao kabla roketi ya kwanza haijapaa. Mwashaji wetu mkuu ni mzee mmoja Mmarekani wa nyumba ya kona. Ndoo ya maji iko pembeni, watoto wote wako nyuma ya mstari aliouchora kwa chaki, na akimaliza anashika ufagio mwenyewe. Huyo hatuna neno naye.

Neno tunalo na wale wa tarehe 25 Juni, saa saba usiku. Na wa tarehe 9 Julai, watu walipodhani mambo yamekwisha. Katika jengo letu kuna mama aliyevuka Ziwa Tanganyika akikimbia vita, akakaa miaka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Usiku wa tarehe 4 hana shida: anajua kinachokuja, anakaa sebuleni na wajukuu, televisheni juu. Lakini mlio mmoja wa ghafla wiki nzima baadaye unamtoa kitandani. Godoro analiburuta mpaka kwenye korido, kati ya bafu na jiko, mahali pasipo na dirisha, na hapo hapo panakucha. Mtu hakumfundisha hilo Ohio.

Ng'ambo ya barabara kuna jirani aliyepigana Iraq. Amechomeka kibao kwenye majani mbele ya nyumba yake akiomba watu wamfikirie wanapowasha fataki. Nilipomuuliza, akaniambia karibu maneno yale yale ya yule mama: ile ya tarehe 4 anaitazama na bia mkononi, inayomvunja ni ile asiyoitazamia. Hawa wawili hawana lugha moja ya kuzungumza, lakini wakija ofisini kwako watakuletea shitaka moja.

Tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, sisi wengine usiku tunashinda kwenye WhatsApp na ndugu zetu walioko kule. Mwaka jana nilikuwa naongea na shangazi yangu wa Goma, milio ikaanza nje ya dirisha langu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mwanangu, huko kwenu kuna nini? Laleni chini!” Nikacheka, nikamweleza. Sidhani aliniamini.

Sasa sheria. Ya zamani ya Ohio ilikuwa kichekesho: duka linakuuzia fataki kihalali, wewe unatia sahihi fomu kwamba utazitoa nje ya jimbo ndani ya saa 48. Watu walitia sahihi, wakaenda nazo moja kwa moja nyumbani. Mwaka 2021 Gavana Mike DeWine alisaini sheria mpya, ikaanza kazi Julai 2022. Jimbo likaruhusu fataki kwenye sikukuu kadhaa, ila likaiachia miji hiari ya kupunguza siku na saa, au kukataza kabisa. Columbus ilikataza. Na sisi tukakataza.

Umeona matokeo, Mheshimiwa. Marufuku ya mwaka mzima inamweka mzee wa chaki kapu moja na mhuni wa saa saba usiku, na kwa kuwa mtaa mzima ni mkosaji, askari wanapita polepole na kuendelea na safari yao. Mpaka siku wanapoamua kusimama. Kijana mmoja wa kanisani kwetu aliandikiwa faini akiwa na risiti mkononi. Alinunua nje ya mji, kwenye duka lenye bango la nunua moja upate nyingine bure. Akaamini kilichouzwa mchana kweupe kwa risiti hakiwezi kuwa haramu jioni. Ningekuwa na umri wake ningeamini hivyo hivyo.

Tena, wazee wa taifa hili walijua kupanga. Philadelphia, Julai 4, 1777, vita bado vinaendelea, fataki za usiku zilifunguliwa kwa roketi 13 na zikafungwa kwa roketi 13, hesabu ya majimbo yao. Zilikuwa na mwanzo, zilikuwa na mwisho.

Kwa hiyo tumia ile hiari mliyopewa na jimbo. Ruhusu tarehe 4 tu, jua likizama mpaka saa tano usiku, kisha siku nyingine zote sheria ifanye kazi kweli. Mvua ikinyesha, iwe tarehe 5.

Na tangazo litoke mapema, katikati ya Juni, watu kabla hawajanunua. Liandikwe kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi pia. Tovuti ya mji wengi wetu hatuifungui. Karatasi ibandikwe makanisani na kwenye maduka tunakonunua dagaa na unga wa muhogo. Iseme wazi kwamba risiti ya duka si kibali. Itaje namba ya polisi isiyo ya dharura, maana wazee wetu 911 wanaiogopa. Iwaambie kina mama kwamba kile kijiti cha cheche wanachompa mtoto kinawaka kwa joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi.

Kutafsiri tutafanya sisi wenyewe, bure, na vijana wa kwaya wamekubali kuzibandika. Kinachongojwa ni uamuzi wa baraza lako na ruhusa ya kutumia mashine yenu ya kuchapa.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa ghorofa ya pili, mzaliwa wa Uvira