Kwa somo yangu wa Voi, kuhusu zahanati yenu na Jumatatu zetu za Mombasa

Mikindani, Mombasa

Somo yangu mpenzi,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto, natumai barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima, kama nasi tulivyo wazima huku kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Barua yako ilinifikia Ijumaa, nikaisoma mara mbili kabla ya kuvua baibui, kwa jinsi habari zake zilivyonishtua.

Umeniambia kwamba zahanati yenu, ambayo wewe mwenyewe ulijifungulia mtoto wako wa pili saa nane za usiku, inazungumzwa kuwa itaacha huduma za usiku na za kujifungua, na kwamba wauguzi na wafagizi walioajiriwa kwa mkataba hawatapewa mikataba mipya. Umeniuliza sisi wa Mombasa tulianzaje wakati kazi za bandari zilipohamishiwa Nairobi, na kama zile Jumatatu zetu za maandamano zilileta chochote. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili nimelibeba moyoni kwa miaka, na kwa sababu yapo makosa ambayo sisi tulilipia gharama kubwa na ambayo nyinyi bado mna nafasi ya kuyaepuka.

Unakumbuka kwamba nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha kule Changamwe. Kazi yangu ilikuwa kupokea hati za shehena za wateja, kulinganisha maelezo yake na ankara, kuingiza tamko la forodha kwenye mfumo, kufuatilia malipo ya ushuru, kisha kumkabidhi dereva karatasi za kutolea kontena. Ukiitazama juu juu ni kazi ya karatasi tu. Lakini kila kontena lililotolewa Mombasa lilikuwa na watu wengi nyuma yake: wapakuzi wa kibarua, walinzi wa vituo vya kuhifadhia makontena, dereva na utingo wake, fundi wa kuziba panchari, mama aliyepika chapati na maharagwe nje ya lango, na wenye nyumba za kulala wageni kuanzia Mariakani mpaka kwenu Voi na Mtito Andei. Kontena moja likipita bila kusimama, wote hao hulala na njaa kidogo. Yakipita elfu moja, hufunga biashara.

Reli mpya ya SGR, kutoka Mombasa mpaka Nairobi, ilianza kubeba abiria katikati ya mwaka 2017, na mizigo ikaanza mwanzoni mwa mwaka 2018. Sisi hatukuipinga reli, na nataka jambo hili ulielewe vizuri kwa maana tulisingiziwa sana kwamba tunapinga maendeleo. Tulichokipinga ni kulazimishwa. Mwenye mzigo aliyetaka lori na aliyetaka garimoshi walikuwa na haki sawa ya kuchagua, lakini Agosti 2019 likatoka agizo kwamba shehena yote ya Nairobi na bara iliyoingia kupitia Mombasa ipakiwe kwenye treni na itolewe ushuru katika bandari ya nchi kavu ya Embakasi. Maana yake ni kwamba meli ingetia nanga kwetu, korongo zetu zingeshusha kontena, na papo hapo lingepanda behewa na kwenda zake, huku ofisi, saini, mihuri na mishahara yote ikihamia Nairobi. Ofisi yetu ilikuwa imekwisha kupunguza watu tangu mwaka uliotangulia, 2018. Tulikuwa tisa, tukabaki wanne, na mwaka huohuo nikaambiwa mwishoni mwa mwezi kwamba dawati langu linahamia Nairobi lakini mimi sihami nalo.

Baadaye ndipo nilipoelewa sababu. Mwaka 2014, kabla reli haijajengwa, Mamlaka ya Bandari na Shirika la Reli zilikuwa zimetiliana mkataba ulioitaka bandari ihakikishe kwamba reli inapata kiasi fulani cha mizigo kila mwaka, na kisipofika bandari ifidie. Reli ilijengwa kwa mkopo kutoka China, na mkopo hulipwa kwa mizigo. Kwa hiyo uamuzi ulioninyang'anya kazi mwaka 2018 ulikuwa umeandikwa miaka minne nyuma, katika karatasi ambayo hakuna mpakuzi, dereva wala mpishi wa Changamwe aliyeonyeshwa. Nakuomba uliweke hilo akilini unapofikiria zahanati yenu: mkiyasikia maneno barabarani, basi kuna karatasi mahali, na yenyewe ina umri mkubwa kuliko maneno.

Sasa nikwambie tulianzaje. Hatukuanza kwa maandamano. Katika mtaa wetu tulianza kwa daftari moja la kurasa mia mbili, nami nikawa mwandishi kwa kuwa ndiyo kazi niliyoizoea. Mwanzoni niliwauliza majirani, “Mmeathirika vipi?” na kila mmoja akanijibu kwa uchungu, wengine kwa machozi, lakini nilipofika nyumbani na kusoma nilichoandika niliona ni kilio kisichoweza kumthibitishia mtu jambo lolote. Nikabadilisha maswali. Nikamuuliza mama wa chapati alikuwa akikanda kilo ngapi za unga kwa siku mwaka 2017 na sasa anakanda ngapi, naye akanijibu bila kufikiri kwamba alikuwa akikanda kilo kumi na sasa ni tatu, na kwamba msichana aliyekuwa akimsaidia amemrudisha kwao Kaloleni. Nikamuuliza dereva alikuwa akifanya safari ngapi kwa mwezi. Nikamuuliza mwenye nyumba vyumba vingapi vimebaki vitupu. Kila mtu anaijua hesabu ya riziki yake kuliko mhasibu yeyote, ila hakuna anayemuuliza.

Daftari letu lilikuwa moja kati ya juhudi nyingi. Palikuwa na muungano wa Okoa Mombasa, palikuwa na mashirika ya haki za binadamu kama vile MUHURI na Haki Africa, palikuwa na wafanyabiashara waliojikusanya chini ya jina la Fast Action, na palikuwa na madereva wa masafa marefu na vyama vyao. Serikali ya kaunti nayo ikapata utafiti uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambao ulikadiria kwamba kaunti ilikuwa ikipoteza zaidi ya shilingi bilioni 17 na kwamba karibu kazi 3,000 zilikuwa zimekwisha kupotea. Siku takwimu hizo zilipotoka nilisikia nafuu ya ajabu, si kwa kuwa habari ilikuwa njema, bali kwa kuwa jambo tulilokuwa tukiambiwa ni malalamiko ya wavivu sasa lilikuwa na tarakimu na jina la chuo kikuu.

Sitakuficha kwamba ndani yetu palikuwa na mvutano. Wenye malori mia na wenye vituo vya makontena walikuwa na hasara kubwa kuliko yetu kwa shilingi, na wao ndio waliokuwa na magari, vipaza sauti na simu za wakubwa. Ikafika mahali watu wa mitaani wakanong'ona kwamba tunapiganishwa kwa ajili ya matajiri. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema waziwazi, katika kikao, kwamba lori likirudi barabarani na dereva akaendelea kulala kwenye kiti chake kwa siku tatu bila posho, basi sisi tutakuwa tumeshinda nusu. Wapo walioninunia. Lakini baada ya siku ile masharti ya kazi ya madereva na vibarua yakaanza kutajwa katika hotuba, na mpaka leo naona ilikuwa lazima mtu aseme.

Jumatatu zenyewe zilianza baada ya agizo la Agosti. Kila Jumatatu tuliingia mjini, wakubwa kwa wadogo, na watu wakaziita Jumatatu Nyeusi. Palikuwa na vijana waliokamatwa, palikuwa na siku tulizotawanywa kabla hatujafika popote, na palikuwa na Jumatatu ambazo tulikuwa wachache kiasi cha kuona haya. Lakini ziliendelea. Mapema Oktoba 2019 Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, James Macharia, akatangaza kwamba agizo limesimamishwa. Somo yangu, jioni ile mtaa mzima ulipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga. Na hapo ndipo tulipofanya kosa letu kubwa, kwa sababu wengi walirudi nyumbani wakiamini kuwa kazi imekwisha, ilhali treni za mizigo ziliendelea kuondoka zikiwa zimejaa vilevile. Waliotuokoa ni wale wachache waliokuwa wakienda kuzihesabu kwa macho yao kule relini na kurudi kutuambia kwamba hakuna kilichobadilika, na kwa ajili yao Jumatatu zikarudi.

Njia ya pili ilikuwa mahakama, na nashukuru kwamba haikungoja maandamano. Kesi ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, na ya pili ikaunganishwa nayo baada ya agizo la 2019. Tarehe 6 Novemba 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba maagizo yale yalikiuka Katiba, kwa kuwa yalitolewa bila kuwashirikisha wananchi walioguswa nayo, ingawa waliipa serikali siku 180 za kurekebisha mambo kabla uamuzi haujaanza kutumika kikamilifu. Nilimsikiliza wakili akitueleza hukumu hiyo kwa Kiswahili chepesi, nikatambua jambo ambalo sikulitarajia. Mahakama haikusema tu kwamba tumeumia. Ilisema kwamba hatukuulizwa. Maumivu yetu ndiyo yaliyotupeleka mahakamani, lakini kutoulizwa ndiko kulikotupa ushindi.

Yaliyofuata utayakumbuka. Mei 2022 Mahakama Kuu iliamuru serikali itoe mikataba ya reli iliyokuwa imefichwa, kutokana na kesi ya wanaharakati wa Okoa Mombasa walioshikilia haki ya kupata habari iliyo katika kifungu cha 35 cha Katiba. Tarehe 13 Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais Ruto alitangaza kwamba utoaji wa mizigo urudishwe Mombasa, na Novemba mwaka huohuo sehemu ya mikataba ile ikawekwa hadharani.

Lakini umeniuliza kama zilileta chochote, nami sitaki kukujibu kwa vigelegele. Kutoka kuanza kwa treni za mizigo mpaka tamko lile ilipita miaka minne na zaidi. Ofisi yangu haikurudi. Mama wa chapati alikwisha kuuza meza na masufuria yake, na sasa anafua nguo za watu Nyali. Fundi wa panchari alihamia Malaba. Agizo linaweza kufutwa kwa siku moja, lakini kibanda kilichofungwa miaka minne hakifunguki kwa tamko, kwa kuwa mtaji umeliwa na wateja wamezoea pengine. Ndiyo maana moyo wangu uliruka niliposoma kwamba zahanati yenu bado haijafungwa usiku. Nyinyi mko mahali ambapo sisi tulikuwa mwaka 2014 bila kujua.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba msianze na barabara. Afya iko chini ya kaunti, na fedha za kaunti zina ratiba inayojulikana: makadirio ya bajeti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kama huduma za usiku zinaondolewa, zinaondolewa katika makadirio hayo, katika mstari wa mishahara ya watu wa mkataba. Andikeni barua leo, mkitaja kifungu cha 35, muombe nakala ya waraka wowote unaohusu zahanati hiyo, na mhakikishe nakala yenu inapigwa muhuri wa kupokelewa ukiwa na tarehe. Sisi tulipeleka barua tatu mkononi bila kugongewa muhuri, na zote zikawa kama hazikuandikwa. Kisha ulizeni siku na mahali pa kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti, kwa sababu mara nyingi kikao hufanyika mbali, asubuhi ya siku ya kazi, na wanaohudhuria ni walewale.

Na anzeni daftari. Msiandike kwamba zahanati ni muhimu. Andikeni ni akina mama wangapi wamejifungulia hapo usiku tangu mwaka uanze, kila mmoja alifika saa ngapi, na kama zahanati ingekuwa imefungwa angelipa bodaboda shilingi ngapi kufika hospitali iliyo karibu. Waulizeni wauguzi wa mkataba wamekaa miezi mingapi bila kujua hatima yao, lakini msiyaandike majina yao bila idhini yao, kwa maana wao ndio wenye cha kupoteza wa kwanza. Nao wahudumu wa afya wa jamii wasiachwe nje, kwani wanaijua kila nyumba yenye mjamzito.

Umesema mume wako anahofia kwamba mtaonekana watu wa siasa. Mwambie shemeji namsalimu sana, na kwamba kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukutana, kuandamana na kuwasilisha ombi kwa amani bila silaha. Hata hivyo hofu yake ina msingi, kwa kuwa wagombea watakuja wakitaka kupiga picha na nyinyi mbele ya zahanati. Wapokeeni kwa heshima, lakini msikubali yeyote kati yao awe msemaji wenu wala mweka hazina.

Nimepata ruhusa ya kuondoka kazini Jumamosi ya wiki ijayo. Nitapanda treni ya asubuhi inayosimama vituoni kutoka Miritini, nami nitakuwa Voi kabla ya adhuhuri. Ninaleta lile daftari letu la kurasa mia mbili ili muone jinsi tulivyopanga maswali, pamoja na madaftari mawili mapya. Tafadhali waombe wenzako watatu au wanne waje nyumbani kwako alasiri, hasa yule mkunga mstaafu uliyemtaja, na kama mtakuwa mmeishapeleka barua ya kuomba waraka, niwekee nakala yenye muhuri niione. Msipopata muhuri, msiiache barua hapo, rudini nayo tuipeleke pamoja Jumatatu.

Wasalimie wote.

Ni mimi somo yako akupendaye.