Barua ya Wazi kwa Mwenye Dhamana ya Usafiri wa Anga: Ndege Yetu Iligonga Mwewe

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Naomba uniwie radhi kwamba barua hii haikupitia mlango wa kawaida. Mlango huo nimekwisha kuupitia. Nimepeleka barua ikagongwa mhuri wa kupokelewa, nimepiga simu nikaambiwa mhusika yuko kikaoni, nimerudi nikaambiwa nisubiri. Nimesubiri mpaka nimechoka, ndiyo maana leo nasema mbele za watu.

Ombi langu ni moja. Ndege ya abiria ikipata tatizo, liwe kubwa au dogo, toeni taarifa ya Kiswahili kilichonyooka ndani ya saa ya kwanza: ndege ipi, iko wapi, watu wake wako katika hali gani. Msituachie mafumbo tuyafumbue wenyewe huku tunatetemeka.

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu Pemba. Likizo ikiisha hurudi kazini kwa zile ndege ndogo zinazoruka kutoka uwanja wetu wa Tanga. Safari hii alipanda asubuhi, akatuaga, akazima simu kama abiria wote wanavyoagizwa. Haikupita muda redio ikasema: "Ndege ya Pemba yagongana na ndege, abiria wanusurika." Hayo tu, kisha wakaingia matangazo ya biashara. Mpaka adhuhuri sentensi hiyo ilikuwa imeshafika kwenye kila simu ya mji huu.

Naomba uisome tena, Mheshimiwa, ukijiweka mahali pa mama ambaye mwanawe yumo humo. Atakachosikia ni kwamba ndege mbili zimekutana angani. Kumbe ndege ya abiria ilikuwa moja, na kilichoigonga ni mwewe. Rubani aliigeuza, akatua salama palepale alipopaa, abiria wakashuka kwa miguu yao. Mdogo wangu alipiga picha ya ukingo wa bawa: kuna alama ya damu isiyozidi upana wa kiganja na manyoya mawili yamenasa kwenye kiungio cha bati.

Kiswahili hakina kosa hapo. Tukisema ndege mbili tunajua ni za chuma, tukisema ndege wawili tunajua ni wa manyoya. Lakini katika sentensi ile neno la mwisho liliachwa peke yake, bila kiambishi hata kimoja cha kulitambulisha. Kuandika "mwewe" kungegharimu nini? Hata "mnyama ndege" kungetosha. Na hao "abiria wanusurika", ni wote au baadhi?

Mama yetu alikuwa jikoni na ungo wa mchele. Tangu meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, akisikia Pemba na ajali katika habari moja hangoji ya pili. Alianguka sakafuni na ungo wake. Nilipofika nyumbani nilikuta majirani wameshaanza kutandika mikeka uani, shangazi amejifunika kanga analia, na kijana mmoja ananionesha kwenye simu picha ya mabaki ya ndege kubwa ya injini nne. Ndege ya injini nne, kwenye safari ya Tanga na Pemba! Lakini ukiwa katika hali ile huhesabu injini.

Nilipiga simu uwanjani, haikupokelewa. Nikapiga ofisi moja inayohusika, nikajibiwa kwamba taarifa rasmi itatolewa "baada ya taratibu kukamilika". Nikauliza, mdogo wangu yu hai? Nikajibiwa jibu lilelile. Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la uwanja, mwendo wa bodaboda kutoka nyumbani, simu yake imeisha chaji, anaamini kwamba tumeshaambiwa yu mzima.

Mheshimiwa, nafahamu kwamba uchunguzi una kanuni zake. Nimeuliza wanaojua na nimesoma. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga ambao nchi yetu ni mwanachama, kinasema shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafutia mtu lawama, na kinataka ripoti ya awali itolewe ndani ya siku 30. Kiambatisho hichohicho kinatenganisha ajali na tukio. Ndege iliyobonyea kidogo kwa kugongwa na ndege wa porini, hakuna aliyekufa wala kuumia vibaya, haihesabiwi kuwa ajali. Kwa hiyo hata neno "ajali" lililorudiwa redioni mchana kutwa halikuwa sahihi, na ninyi mnaolijua vizuri hamkumsahihisha mtu. Sababu ya tatizo inaweza kungoja siku 30, hatuna ugomvi. Lakini hakuna kanuni inayozuia kusema "ndege imetua salama, watu wote wazima". Hilo si uchunguzi, hilo linaonekana kwa macho.

Wala msiseme ni jambo dogo la Tanga. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilipoingia ziwani Bukoba, nchi nzima ilikaa redioni. Ilikuwa na watu 43: abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili. Ni wangapi waliotangaza "abiria 43"? Ikatangazwa kwamba waliookolewa ni 26. Baadaye ikawa waliofariki ni 19. Jumlisha, Mheshimiwa: 26 na 19 ni 45, na ndege ilikuwa na 43. Hesabu ya mwisho ya walionusurika ikawa 24. Kwa mtangazaji, kutoka 26 kwenda 24 ni kusahihisha tarakimu moja. Kwa nyumba yenye mtu ndani ya ndege ile, hao wawili ni saa nzima za kumuomba Mungu kwamba ndugu yako awe miongoni mwa walionusurika.

Na majirani zetu yamewakuta. Ndege ya Kenya Airways ilipopotea usiku wa Mei 5, 2007 baada ya kuruka Douala, Kamerun, taarifa za mwanzo zilielekeza kwamba imeanguka sehemu za Lolodorf, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Watu wakahangaika msituni huko. Mabaki yalionekana kesho yake jioni kwenye mikoko, kilomita zisizofika 6 kutoka uwanja ilikopaa. Watu 114 walikuwa wamekufa. Mwaka 2009 ndege ya Yemenia ilipoanguka karibu na Ngazija, visiwani Komoro, ikasemwa kwanza kwamba aliyeokolewa ni mtoto wa kiume wa miaka mitano. Alikuwa msichana wa miaka 12, peke yake kati ya watu 153. Pwani hii ina Wangazija wengi, wanaelewa nazungumzia nini. Kuna wazazi waliokuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitano ndani ya ndege hiyo? Sijui, lakini kila nikifikiria swali hilo nashindwa kulala.

Kwa nini inakuwa hivi? Nadhani taarifa zenu huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha mwandishi mwenye haraka anazigeuza njiani. Nadhani pia maofisa wanaogopa kusema neno lisije likawarudi. Na waandishi nao wanajua neno "ajali" linafunguliwa na watu wengi kuliko "imetua salama". Kama nakosea, nisahihisheni hadharani, nitashukuru. Ndiyo kwanza mtakuwa mmenijibu.

Ninachokikumbuka vizuri ni ahadi. Katika kikao cha wadau kilichofanyika hapahapa Tanga, ofisa mmoja alisimama akatuambia kwamba kutakuwa na namba maalumu ya simu kwa ndugu wa abiria, na kwamba kila tukio litatolewa maelezo kwa lugha ya mwananchi. Tulipiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga. Namba hiyo hatujaiona ubaoni, hatujaisikia redioni, haimo kwenye tiketi ya mdogo wangu.

Mama yuko nyumbani sasa. Presha imeshuka, lakini nyonga haijapona, anatembea kwa mkongojo na usiku anaita jina la mwanawe. Nina kibanda cha spea za baiskeli, na wiki ile yote sikukifungua, nilikuwa nazunguka kati ya wodi na duka la dawa. Sidai fidia. Sikutaja redio ile wala ofisi ile, kwa sababu sitaki mtu mmoja afukuzwe kazi halafu mambo yabaki vilevile.

Nataka taarifa ndani ya saa ya kwanza. Nataka iseme abiria wangapi na wahudumu wangapi, wasichanganywe. Ikiwa ni mwewe, iseme mwewe. Ikiwa ni kunguru, iseme kunguru. Ikiwa ndege imepoteza mawasiliano, isisemwe imepotea, na ikiwa imetoka nje ya njia ya kurukia, isisemwe imeanguka. Taarifa ikikosewa, isahihishwe kwa sauti ileile iliyotangaza kosa, si kwa mstari mmoja usiku watu wamelala. Na waandishi wetu wa mikoani wapeni mtu wa kumpigia, anayepokea simu.

Ikiwa yote hayo ni mengi kwa bajeti ya mwaka huu, basi tupeni ile namba tu, Mheshimiwa. Namba moja, yenye mtu upande wa pili aliye na orodha ya abiria mbele yake na ruhusa ya kusema "yu mzima" au "hatujampata bado". Shule zinafunguliwa, na mdogo wangu anapanda ndege ileile kwenda Pemba, kwa kuwa ndiyo kazi yake na ndiyo njia yake. Naomba namba hiyo iwe mkononi mwa mama yetu kabla mwanawe hajapanda.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza spea za baiskeli,
Ngamiani, Tanga