Lawama ya mgeni humuuma mwenyeji pale inapomruka

Ndugu Mhariri,

Kila zinapotoka habari za mgawo wa chakula kupunguzwa katika kambi za wakimbizi hapa Uganda, wasomaji huitikia wimbo mmoja: "Hawa watu hawana shukrani. Kama hapawafai, warudi kwao." Sisi tunaoandika barua hii ni wakalimani. Kazi yetu ni kukaa kati ya mkimbizi anayesema Kiswahili cha Kongo na mwenyeji anayesikia kwa Kinyankole, Kilugbara au Kiganda, na kuyavusha maneno yao. Tunaomba nafasi tueleze ni wapi hasa lawama ya mgeni inamuuma mwenyeji, kwa sababu wengi wanapatafuta mahali sipo.

Tuanze na neno moja. Mkongomani akisimama mkutanoni Isingiro, kusini magharibi mwa nchi, akasema "Waganda wanatuuzia maji", kwa Kiswahili cha kwao, na hata cha Nairobi, hajakosea: Mganda ni mtu wa Uganda. Humu ndani, Mganda ni mtu wa Buganda. Mnyankole aliyeketi mbele yake amesikia mawili kwa pigo moja: ametuhumiwa, na ameitwa kabila lisilo lake. Ukilisema Arua, kule West Nile kaskazini magharibi, mbele ya wazee wa Kilugbara, mambo ni hayo hayo, pengine makali zaidi. Mkalimani mzoefu hulirekebisha neno hilo njiani bila kumwambia mtu. Yule mpya hulivusha lilivyo, na mkutano umeharibika kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma ajenda. Mgeni aseme "Wauganda", au afanye lililo bora zaidi: amtaje aliyeuza maji, kwa cheo chake na kituo chake.

Hapo kwenye kutaja ndipo penye kiini. Mwenyeji hakasiriki kwa kuwa kasoro imesemwa. Kasoro anaijua kuliko mgeni. Zahanati ambayo mkimbizi analalamika kwamba dawa zimekwisha ndiyo hiyo hiyo anayotibiwa mwenyeji, maana sera ya Uganda ni huduma za pamoja. Shule ni moja, na foleni ya maji mara nyingi ni moja. Mgeni anaposema "nyinyi hapa hamna dawa", amemchukua mwenyeji kutoka kwenye foleni ya walalamikaji aliyosimama tangu alfajiri na kumsukuma upande wa washtakiwa. Mama aliyetoka pale na mtoto mwenye homa, ameambiwa akanunue dawa dukani, leo anaambiwa ni yeye aliyezificha! Nani asingekasirika?

Tena kuna wivu ambao hausemwi hadharani, ila husemwa kwetu mkutano ukishavunjika. Mkimbizi ana mahali pa kulalamikia. Ana baraza la ustawi wa wakimbizi, wengine huliita RWC, lenye ngazi tatu kuanzia kijiji. Ana dawati la malalamiko siku ya mgawo, sanduku la maoni, na namba ya simu isiyotozwa pesa. Mwenyeji ana mwenyekiti wake wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ikumbukwe kwamba wenyeviti hao walichaguliwa mwaka 2001, kisha wananchi hawakuitwa tena kuwachagua mpaka tarehe 10 Julai 2018, walipopanga mistari nyuma ya wagombea. Miaka 17. Mtu aliyekaa muda huo wote bila kumwajibisha hata mwenyekiti wa kijiji chake anapomwona mgeni wa miaka miwili akilalamika Jumatatu na gari la shirika likafika Alhamisi, roho inamchoma. Mdomoni hutoka "hawana shukrani". Moyoni ni "nililisema hili miaka mitatu, nani aliliandika?" Kuna kanuni kwamba asilimia 30 ya msaada wa wakimbizi iende kwa jamii inayowapokea. Wanakijiji wengi wameisikia asilimia hiyo. Kuonyeshwa hesabu yake ni jambo lingine.

Sasa sheria, kwa ufupi, kwa sababu hutajwa vibaya pande zote. Katiba ya 1995, ibara ya 29, inapotoa uhuru wa kusema inatumia maneno "kila mtu". Ikifika kwenye haki ya kwenda popote nchini, ndani ya ibara hiyo hiyo, inabadili na kusema "kila Muuganda", kwa maana ya raia. Waandishi wa Katiba walijua wanachokitenga. Ibara ya 38, ya kushiriki katika uendeshaji wa serikali, nayo ni ya raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini chini ya masharti, lakini inamkataza kujiingiza katika siasa za Uganda, za kijiji hata za taifa. Kwa hiyo "kisima kimekauka tangu Machi" si siasa. "Mwenyekiti huyu msimchague tena" ni siasa, hata likisemwa kwa upole namna gani. Kati ya hizo mbili kuna sentensi nyingi za kijivu, na ushauri wetu kwa anayeongea ni kukaa upande wa kisima.

Raia naye huwa na haraka ya kuhesabu nani ni mgeni. Husema "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Sawa, jembe alipewa. Makazi ya Nakivale, huko Isingiro, yamekuwa yakipokea wakimbizi tangu kabla ya Uhuru wa 1962. Wapo waliozaliwa pale wakazaa pale, na wakilima udongo ule wanaujua kuliko ofisa aliyeletwa juzi. Uraia, hata hivyo, hauji kwa kuzaliwa tu. Ibara ya 12 inamnyima uraia wa kuandikishwa kwa njia ya kuzaliwa yule ambaye mzazi wake au babu yake alikuwa mkimbizi. Kutajinisi, yaani kuomba uraia na kupewa, kunadai miaka 20 ya kuishi nchini na kujua ama Kiingereza ama lugha ya kienyeji iliyoainishwa. Basi mtu huyo ataitwa mgeni mpaka lini, na ni lini ataruhusiwa kusema bomba limeoza? Na yupo Mnyarwanda ambaye ni raia kamili, kabila lake limo katika Jedwali la Tatu la Katiba pamoja na makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Yeye akilalamikia barabara, naye huambiwa arudi kwao. Wazee wa Mbarara wanakumbuka Oktoba 1982, maneno kama hayo yalipogeuka kuwa nyumba kubomolewa na ng'ombe kuchukuliwa.

West Nile hali ni tofauti kidogo. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa huko walivuka kwenda Zaire na Sudan wakakaa miaka. Mzee wa Koboko au Yumbe amesimama foleni ya posho ugenini, na huko alilalamika kuhusu unga wenye wadudu. Ndiyo maana malalamiko ya chakula huyavumilia. Kinachomchosha ni kuni na nyasi za kuezekea, maana hivyo hutoka kwenye shamba lake na havioti kwa kasi ya watu. Maji nayo. Vurugu za Septemba 2020 katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, ambamo watu waliuawa, zinatosha kumfanya yeyote apime maneno yake akiwa kwenye foleni ya mtungi.

Hapo hapo West Nile ndipo shukrani nayo inapokosewa. Mkimbizi husimama akasema, "Tunaishukuru serikali kwa kutupa ardhi." Anadhani amefanya adabu. Ardhi ile haikuwa ya serikali. Ni ya koo, na wazee waliketi wakakubali itumike bila kodi. Amemshukuru asiyetoa mbele ya aliyetoa. Nenda Nakivale ukaseme kinyume chake, "tunawashukuru wenyeji waliotupa ardhi", nako umekanyaga mgogoro wa miaka mingi wa nani anamiliki eneo lililotengwa kisheria kuwa makazi ya wakimbizi. Pale ishukuru serikali kwa ardhi, na majirani kwa jambo unaloliona kwa macho: njia ya ng'ombe waliyoiacha wazi, shimo la mchanga, mbegu waliyokopesha.

Tena shukrani isifungwe kwa "lakini". "Tunashukuru, lakini..." kwa Kiswahili tayari ina harufu, ikishapita katika lugha ya pili, nusu ya kwanza inapotea kabisa. Hiyo ni siri ya ukalimani ambayo wasemaji hawaijui: mtu akiongea dakika nne mfululizo, mkalimani atafupisha, na kinachokatwa kwanza ni heshima. Salamu, pole na shukrani hukatwa. Lawama hubaki, kwa kuwa ndiyo habari. Sema sentensi mbili, nyamaza, zivuke, kisha endelea. Na "kwetu tulikuwa na..." iachwe nyumbani. Hata kama ni kweli kwamba Bukavu maji yalikuwa yakitoka ukutani, mwenyeji husikia kitu kimoja tu: basi ulitoroka nini?

Tuchukue kisima cha pampu ya mkono, kwa kuwa ndicho kinachogombanisha zaidi. Lawama mbaya husema: "Maji ya hapa ni machafu, watu wa hapa hawajali." Hii haimsaidii fundi, na imemtukana jirani. Lawama nzuri husema: "Maji ya alfajiri yana rangi ya chai. Ukishatoa mitungi mitatu minne yanatakata. Imekuwa hivyo tangu mvua za Aprili." Fundi akisikia hivyo anajua pa kuanzia: maji yaliyolala ndani ya mabomba ya chuma ndiyo yenye kutu, kisima chenyewe yaelekea ni kizima, na dawa ni kubadili mabomba wala si kuchimba upya. Mpini ukiwa mwepesi na maji yanachelewa kufika, watuhumiwa wa kwanza ni raba za pistoni zilizolika au vali inayovuja. Kisha hesabu vichwa. Vipimo vya misaada ya dharura hukadiria watu wasiozidi 500 kwa pampu moja ya mkono, na lita 15 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha kuanzia. Hesabu kijiji cha wakimbizi na cha wenyeji pamoja. Namba ikifika 900, mkosaji si mtu yeyote aliye kwenye foleni ile.

Halafu uliza nani analipa ada ya kamati ya maji. Pengi mwenyeji hutoa kila mwezi na mkimbizi hatoi, ama amesamehewa, ama hakuna aliyemwambia. Mwenyeji anaposikia pampu ikilaumiwa na asiyechangia raba zake, hasira yake ina hesabu ndani. Upande wa pili nao una hesabu. Mgawo kamili wa fedha za chakula za mkimbizi ulikuwa shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi. Aprili 2020 ukashuka hadi 22,000, ukazidi kushuka, na tangu 2023 wengine wameondolewa kabisa kwenye orodha. Kiwanja cha mkimbizi katika makazi ya Bidibidi, West Nile, ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, haifiki robo ekari, na hapo toa nyumba, choo na jiko. Wakiketi wakaelezana hesabu hizi mbili, mara nyingi ada hupatikana: wengine hulipa kwa kufyeka, kwa ulinzi wa usiku, kwa kujenga uzio wa kisima.

Tunapendekeza jambo moja, limeshafanyika mahali pachache na linaweza kufanyika kwingi. Malalamiko ya huduma ya pamoja yaandikwe karatasi moja. Juu kabisa kitajwe kitu, mahali na tarehe kilipoanza kuharibika. Kisha idadi ya kaya, za wakimbizi na za wenyeji, kila moja na mstari wake. Kisha kinachoombwa, kimoja tu. Ukiomba vitano utajibiwa kile rahisi. Chini muhuri wa RWC1 na muhuri wa LC1, jirani kwa jirani. Nakala moja iende kwa kamanda wa makazi ya wakimbizi, nyingine makao makuu ya kaunti ndogo, ya tatu ibaki kijijini ikiwa na saini ya aliyepokea na tarehe. Bila saini hiyo, ofisi itasema haikuiona. Mwenyekiti wa LC1 asidai hela ya muhuri kwa barua ya namna hii; akidai, kaya zote zichange sawa, ili asitokee wa kusema muhuri ni wake.

Maneno ya karatasi hiyo yawe "sisi wakazi". Tumeshaona neno hilo likibishaniwa kwa saa nzima, wengine wakisema mkimbizi si mkazi. Hoja ikiwa ngumu, andikeni "sisi tunaochota maji hapa", maana hakuna awezaye kulipinga. Na jibu likirudi, lisomwe pale pale kisimani, kwa lugha zote mbili. Kwa lugha ya kienyeji alisome mkimbizi anayeijua, na kwa Kiswahili alisome mwenyeji.

Wakalimani watatu wa Kiswahili,
Mbarara