Usafi wa shule usiwe adhabu

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilimpa mjukuu wangu wa darasa la tano fagio la chelewa afagie uwanja. Akasimama, akanitazama, akauliza: "Bibi, nimekosa nini?"

Swali hilo halijanitoka. Shuleni kwake, hapa Moshi mjini, hushika fyekeo akichelewa kufika asubuhi, hudeki darasa akipiga kelele, humwagilia maua asipomaliza kazi ya nyumbani. Ameshajua kwamba kazi ya mikono ni ya mwenye hatia. Simlaumu mwalimu wake peke yake. Nimefundisha shule za msingi miaka 32, na nilipokuwa mwalimu wa zamu nami niliwatoa wachelewaji mstarini nikawapeleka kwenye majani. Nilikosea, nasema wazi.

Wazazi wengine, hasa wa shule za kulipia, wanataka watoto wasiguse ufagio kabisa, waajiriwe wafagizi. Hapo siwezi kukubaliana nao. Japani (ndio hao waliosaidia skimu ya mpunga ya Lower Moshi miaka ya 1980) haikosi fedha za kuajiri wafagizi. Hata hivyo, watoto wa shule za msingi kule hufagia na kufuta madarasa, korido na ngazi karibu kila siku. Wamegawanywa makundi, zamu inazunguka, na walimu huinama pamoja nao. Hata chakula cha mchana hupakuliwa na wanafunzi wenyewe, wamevaa kofia na nguo nyeupe, na mwalimu hula nao chakula kilekile darasani. Yote hayo yamo kwenye ratiba, kama hesabu ilivyomo. Misri waliupenda utaratibu huo, na tangu 2018 wana shule zao zinazoufuata. Finland nako kazi za mikono ni somo la lazima tangu 1866. Leo wavulana na wasichana wote hushona na kuranda mbao.

Na sisi tulikuwa na kazi ya mikono kwenye ratiba. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki kuamua litaendeshwaje. Niliyoyaona mimi kazini ni jembe likihama kidogo kidogo, likatoka kwenye ratiba likaingia kwenye daftari la adhabu.

Wala wazee wetu hawakungoja kufundishwa na mtu. Baba yangu alitoka alfajiri, jembe begani, kwenda kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfereji. Wanaume walichimba, wakaimba, maji yakafika kwenye migomba ya kila mmoja. Aliyetozwa faini ni yule ambaye hakutokea. Shuleni tumegeuza: aliyefanya vizuri anakaa kivulini akitazama, na kazi yenyewe ndiyo imekuwa faini.

Mchelewaji aulizwe kwanza kwa nini amechelewa. Wengi wanatoka mbali, na makondakta wa daladala huwaacha kituoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Saa nzima ya kufyeka nyasi wakati wenzake wanasoma haimfikishi mapema kesho yake. Inamkosesha kipindi cha kwanza tu. Vyoo navyo, mtoto asivisafishe bila glavu, maji ya kutosha na mtu mzima wa kumsimamia.

Ninaziomba kamati za shule za Moshi ziliweke jambo hili kwenye kikao kabla ya muhula wa Januari. Usafi ufutwe kwenye orodha ya adhabu, zitengwe dakika 15 kila siku kwa wanafunzi wote, wa kwanza darasani na wa mwisho, na mwalimu wa zamu awe na ufagio wake mkononi. Nami niko tayari kuja siku ya kwanza na wa kwangu.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi