Pole ya dereva haitengenezi baiskeli

Mhariri,

Jumamosi moja mwezi uliopita kanta ya kusambaza soda ilirudi kinyumenyume nje ya duka la mtaani kwetu hapa Mombasa, ikaipanda baiskeli ya mwanangu. Mwenyewe, mvulana wa miaka 10, alikuwa ndani ya duka akinunua unga aliotumwa na mamake. Alipotoka alikuta rimu ya nyuma imekunjika kama chapati na fremu imepinda. Utingo, ambaye kazi yake ni kumwangalizia dereva nyuma, alikuwa ng'ambo ya barabara, simu sikioni.

Dereva alishuka, akampapasa mtoto kichwani, akampa pole na noti ya shilingi 200. Watu wa barazani nao wakamsaidia kuifunga kesi: "Shukuru Mungu si mtoto." Nilipofika mimi, mambo yalikuwa yamekwisha na kila mtu ameridhika isipokuwa mwenye baiskeli.

Huo msemo ndio ulionifanya nishike kalamu. Mungu nilimshukuru na bado namshukuru. Lakini shukrani hizo ni zake Yeye, na sijui zimegeukaje kuwa risiti ya dereva. Lau kanta ile ingevunja taa ya gari lililoegeshwa pale, hakuna ambaye angemwambia mwenye gari ashukuru kwa kuwa hakuwemo ndani. Hesabu ya pesa ingeanza palepale. Baiskeli ya mtoto yaonekana kitu cha kuchezea tu, ilhali hii yetu ndiyo inayompeleka shuleni, na mfereji ukikauka ndiyo inayobeba mtungi wa maji wa lita 20.

Shemeji yangu ni dereva wa matatu, na aliwahi kuniambia kwamba ukigongwa, chukua nambari ya gari kwanza, ugomvi baadaye. Kwa hiyo kabla sijafungua mdomo nilipiga picha: baiskeli ikiwa bado chini ya gurudumu, na nambari ya kanta ikionekana vizuri. Kisha nikamwomba dereva jina lake na la mwenye gari. Akacheka. Sikujua wakati ule kwamba Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame na kutoa majina hayo kwa anayeyahitaji kwa haki, na asipoyatoa, akaripoti polisi ndani ya saa 24. Sheria hiyo haikuwasahau hata mbuzi na punda wanaogongwa.

Kituoni, afisa aliniuliza mara mbili kama kweli nataka kuandikisha kisa cha baiskeli. Nikasema ndiyo mara mbili. Nikatoka na nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Kumtafuta mwenye gari kupitia huduma ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kulinigharimu shilingi 550, na nikiri iliniuma, maana kwa pesa hizo ningenunua tyubu na chenji ikabaki. Niliziongeza kwenye madai yangu.

Kisha nikaenda kwa fundi. Huyu bwana hajawahi kuombwa kuandika makadirio tangu aanze kazi, na ilibidi tuazime kalamu kwa muuza mahamri. Aliandika rimu, spoki, tairi, kunyoosha fremu na ufundi, jumla shilingi 4,800, akatia sahihi na nambari yake ya simu. Jirani mmoja alinishauri nidai baiskeli mpya, "hao ni matajiri". Nilikataa. Baiskeli ilikuwa ya mtumba, niliinunua shilingi 7,500, na tairi ya mbele ilikuwa kipara kabla kanta haijazaliwa. Ukianza kudai usichopoteza, hata ulichopoteza hakuna atakayekiamini.

Nilimwandikia mwenye gari barua ya ukurasa mmoja: siku, mahali, picha, nambari ya OB, makadirio ya fundi, jumla shilingi 5,350, na siku 14 za kulipa. Mwisho nikaongeza kwamba siku hizo zikipita, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Nashangaa ni wangapi hapa Pwani hawaijui. Sheria yake ni ya mwaka 2016 na milango ilianza kufunguliwa 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mali iliyoharibiwa, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili, wala hubanwi na zile kanuni kali za ushahidi zinazomtisha raia wa kawaida.

Mwenye gari alipiga simu siku ya sita. "Mzee, kwani ni wewe unayetaka kunipeleka kortini kwa baiskeli ya mtoto?" Nikamjibu ni mimi. Akasema gari lina bima, niende huko. Hapa wengi hukwama. Bima ambayo sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo ni ya kifo na majeraha ya mwili. Mali haimo katika ulazima huo; kama ipo, ni kwa mkataba wake na kampuni yake, na hilo ni la kwake kulifuatilia. Nadhani hata "shukuru Mungu si mtoto" ya barazani ina mzizi wake humo.

Alituma shilingi 3,000 kwa M-Pesa, na akataka nipunguze zile 200 alizopewa mtoto. Nikapunguza, haki yake. Zimebaki 2,150.

Siku mbili baadaye dereva alikuja nyumbani, safari hii bila kicheko. Aliniambia bosi amesema atazikata kwenye mshahara wake. Hilo lilinikaa kooni, maana sikumwandikia yeye. Alikuwa kazini, kwa gari la bosi, akishusha mzigo wa bosi, na ndiyo sababu barua ilikwenda kwa bosi. Nilimpigia mwenye gari nikamwambia hivyo. Akakata simu.

Naomba gazeti lako linifikishie maneno mawili. Kwa polisi: mtu akija kuandikisha baiskeli, mwandikeni mara ya kwanza. Kwa Idara ya Mahakama: hiyo mahakama ya madai madogo ielezeni kwa Kiswahili kwenye baraza za machifu, kwa kuwa huko ndiko ugomvi wa shilingi elfu nne hupelekwa na kufa.

Baiskeli iko kwa fundi. Rimu mpya imeshaingia, fremu bado, na mwanangu hupita kila akitoka shule kuikagua kwa miguu. Siku zangu 14 zinaisha Ijumaa, na fomu ya mahakama iko mezani, nimeshaijaza jina.

Mzazi,
Mombasa