Mkaa: tutazame kisiki kabla ya jiko

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa nishati ya kupikia, ambao naona umebaki jikoni tu, mkaa ukilaumiwa na gesi ikisifiwa, ilhali hesabu yenyewe ya kaboni, ile ipandayo angani kama hewa ukaa na kuongeza joto la dunia, huanzia porini.

Wauza mkaa hujitetea kwamba mti unapochomwa huirudisha hewa ukaa ile ile uliyoivuta ulipokuwa ukikua, na mti utakaoota baadaye utaivuta tena. Utetezi huo si wa kupuuzwa, kwani gesi ya mitungi hutokana na mafuta na gesi asilia vilivyolala ardhini mamilioni ya miaka, na kaboni yake ni nyongeza tupu angani. Ila una sharti moja: huo mti wa baadaye lazima uote.

Miti ya miombo ikikatwa huchipua upya, mradi kisiki kiachwe hai. Nimewahi kusimama katika pori moja wilayani Kilosa nikahesabu maotea saba kwenye kisiki kimoja cha mtondoo, yote yamenipita kimo. Ng'ambo ya njia, visiki vilikuwa vimechomwa na kung'olewa, pamepandwa ufuta. Mkaa wa pande zote mbili hujazwa katika magunia yale yale, na mnunuzi wa Dar es Salaam hana namna ya kuutofautisha.

Tanuri la udongo nalo lina hasara yake: kilo moja ya mkaa huweza kula kilo sita hadi kumi za kuni, na moshi wake hubeba methani, gesi ambayo mti haukuivuta kamwe na ambayo hunasa joto kuliko hewa ukaa.

Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami naunga mkono. Hata hivyo wenye mitungi wengi bado huwasha jiko la mkaa siku ya maharage, kwa hiyo gunia halitatoweka upesi. Vipo vijiji vya Kilosa vilivyogawa misitu yao katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa zamu ili kila kitalu kipumzike miaka 24. Napendekeza kitalu kikaguliwe mwaka mmoja baada ya kukatwa, na kijiji kilichotunza visiki kitozwe ushuru mdogo kuliko anayefyeka apate shamba.

Msomaji wako,
Morogoro